Maisha ya Ma Seon-im, Mwalimu wa Bibi Zetu wa Dunmal

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu, majirani wa Dunmal, wafanyakazi wa posta mliosafiri kutoka Suncheon, nanyi bibi zetu mliokaa safu ya mbele, mimi ni Seo Ran-hee, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu kabla hatujampandisha mlimani kumlaza kando ya baba. Naomba mnivumilie, kwa sababu kuna sehemu moja ambayo kwa kawaida haisomwi mbele ya watu siku kama ya leo, nami nimeiweka kwa idhini ya mwenyewe inayemhusu, ambaye yupo humu ndani, na ambaye jana aliniambia, "Isome yote, mwanangu, usiipake sukari."

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Februari 1954 katika kijiji cha Dunmal, tarafa ya Eunpo, mkoa wa Jeolla Kusini, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu mzee Ma Gi-jun na marehemu Yang Sun-deok, wakulima wa vitunguu saumu waliovuna mwani wakati wa baridi. Ilikuwa miezi saba tu tangu vita vya kaskazini na kusini visimame, na nyumba waliyokuwamo ilikuwa imebandikwa magazeti ya zamani ukutani kuzuia upepo. Bibi yetu Yang hakujua kusoma, na mama alitusimulia kwamba alipoanza kuzitambua herufi, bibi alikuwa akikoroga chungu huku akimuuliza, lile la chini ya dirisha linasemaje, na hili la karibu na mlango je, mpaka kuta zote zikaisha, wakaanza upya.

Aliingia Shule ya Msingi Eunpo mwezi Machi 1961, akamaliza mwaka 1967, akasoma sekondari ya kati hapohapo tarafani hadi 1970, kisha mjomba wake alimpokea Gwangju ambako alisoma shule ya biashara ya wasichana na kuhitimu Februari 1973, akiwa wa tatu katika darasa la wasichana hamsini na wanane. Mwaka huohuo alifaulu mtihani wa posta, na tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa kama karani katika posta ndogo ya Eunpo, kilomita sita kutoka alikozaliwa.

Wale wa umri wake wanakumbuka posta ile ilivyokuwa. Vijana wengi wa tarafa walikuwa viwandani au nje ya nchi, barua zilikuja kwa magunia, na wanawake waliofika dirishani hawakutaka stempu tu, walitaka kusomewa, na mama, aliyekuwa na sauti nzuri na hakuwa na haraka, ndiye waliyemtafuta. Aliwasomea habari za wajukuu waliozaliwa, za miguu iliyovunjika, za waume waliokuwa wakijenga barabara jangwani Saudia, na alipomaliza alikunja barua na kuwarudishia kwa mikono miwili.

Mwezi Oktoba 1977, msimu wa kupanda vitunguu saumu, alifika dirishani Tak Bun-rye, mama wa miaka thelathini kutoka mtaa wa juu wa Dunmal, binti yake wa miaka minne amelala mgongoni, mikono ina udongo hadi kwenye kucha, akiwa na barua ya mumewe ambaye alikuwa ameondoka mwaka mmoja na nusu nyuma kwenda Saudia na kampuni ya ujenzi. Barua ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba mume yule alikwisha rudi nchini tangu Agosti, kwamba anaishi Incheon na mwanamke mwingine, kwamba asisubiriwe, na kwamba Bun-rye akipata mtu wa kumwoa basi aolewe.

Mama alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliipitia barua kwa macho kwanza, kama alivyozoea, akainua uso, akaona watu sita kwenye foleni nyuma ya yule dada na mtoto akikoroma begani, na akafungua mdomo, akasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Alisoma kwamba mume ni mzima, kwamba mkataba umeongezwa miaka miwili, kwamba mkewe asubiri na amtunze mtoto. Aliniambia mwaka huu, akiwa kitandani, kwamba alinuia kumwita pembeni wiki iliyofuata amweleze ukweli, lakini wiki iliyofuata Bun-rye alifika na kapu la viazi vitamu kumshukuru kwa habari njema, na mama alivichukua vile viazi, akaenda navyo kwenye chumba chake cha kupanga, akavichemsha, akavila, na tangu siku ile hakuweza tena.

Tarehe 11 Novemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Seo Byeong-cheol, fundi wa mabomba ya maji wa Suncheon, mtu mpole aliyependa kuvua samaki na kulala, na Machi 1980 akahamishiwa posta ya Suncheon. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 9 Juni 1981, na mdogo wangu Seo Tae-gyun aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1984, na wanatusikiliza hapa wajukuu watatu. Alikuwa mama mkali kwa habari ya madaftari na mlegevu kwa mengine yote, na baba alipofariki tarehe 3 Septemba 2008 kwa ugonjwa wa moyo, alikaa kimya miezi mingi, akienda kazini na kurudi, mpaka tulianza kuogopa. Alistaafu tarehe 30 Juni 2011 baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, na badala ya kuja kuishi nami kama nilivyomsihi, alirudi Dunmal kwenye nyumba ya wazazi wake, akaezeka upya, akapanda vitunguu.

Huko ndiko alikoona kwamba wanawake aliokuwa akiwasomea barua walikuwa bado hawajui kusoma. Waliletewa dawa na wauguzi wakazitambua kwa rangi ya vidonge, walipanda basi kwa kumuuliza dereva, na alipomwomba mkuu wa kijiji chumba cha ukumbi, mkuu alimwambia kwamba bibi hawa wanataka kucheza karata na kupasha miguu joto, hawatakuja. Jumatatu ya tarehe 5 Machi 2012, saa saba mchana, walikuja watano. Hakukuwa na mshahara wala kitabu, mama aliandika kila karatasi ya somo kwa mkono, na kufikia mwisho wa mwaka walikuwa kumi na saba, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, isipokuwa siku za kuvuna, ambapo yeye pia alikwenda nao shambani.

Jumatano ya tarehe 4 Aprili aliingia Bibi Tak Bun-rye, miaka sitini na mitano, akavua viatu, akamtazama mama, akasema, "Wewe si yule binti wa posta? Kumbe umezeeka kama sisi." Wote walicheka. Mama naye alicheka, kisha akatoka nje kwenye bomba akanawa uso.

Ndugu waombolezaji, mume yule hakurudi, wala barua nyingine haikuja. Kijijini walisema amekufa jangwani, wengine walisema amenogewa na nchi za watu, na kila aliyemwambia Bibi Tak aanze maisha mapya alijibiwa neno lilelile, kwamba mume wangu aliandika nisubiri. Mwaka 1982 seremala mmoja mjane, mtu wa heshima kutoka kijiji cha pili, alituma watu kumposa, na Bibi Tak aliwapa chakula, akawarudisha. Alimlea binti yake peke yake kwa vitunguu na mwani. Hayo yote mama aliyajua ndani ya wiki mbili za kwanza za darasa, kwa kuwasikiliza tu bibi wakipiga soga huku wakichonga penseli, na alijua pia, kwa sababu Bibi Tak aliyasema mbele ya wote, kwa nini alikuja darasani. Alitaka kuisoma mwenyewe barua ya mumewe kabla hajafa.

Naliweka wazi hili kwa sababu mama aliniambia kwa machozi: alijaribu kuchelewesha. Alilishikilia darasa zima kwenye silabi nyepesi kwa miezi minne, akasema msingi lazima uwe imara, akawapa maneno yaleyale kila wiki, hakuwafikisha kwenye zile herufi zinazokaa chini ya silabi ambazo bila hizo barua ya kweli haisomeki. Mkubwa wao, Bibi Guk Ok-dan, ndiye aliyemaliza mchezo huo siku moja ya Agosti alipoweka penseli chini akasema, "Mwalimu, tumesoma ndizi na kipepeo mpaka ndizi zimeoza na kipepeo amekufa. Hizo herufi za chini unamwekea nani?" Darasa likaangua kicheko. Mama alifuta ubao, akaandika herufi ya kwanza ya chini, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma, alimfundisha Bibi Tak kwa bidii kuliko mtu mwingine yeyote, akimbakiza baada ya somo, akimsahihisha hati, akijua kila wiki kinachokaribia.

Hapa katikati kulikuwa na furaha nyingi, nanyi bibi zetu mnazikumbuka kuliko mimi. Kulikuwa na safari ya kwenda mjini ambako walisoma kwa sauti kila kibao cha duka kutoka kituo cha basi hadi sokoni, wakakosa basi la kurudi, na kulikuwa na ule uchaguzi wa Juni 2014, wa karatasi saba, ambapo Bibi Guk, aliyezoea kupiga muhuri mahali alipoelekezwa na marehemu mumewe, alikaa ndani ya kibanda akisoma majina yote ya wagombea wote hadi msimamizi akamuuliza kutoka nje kama anajisikia vibaya, naye akajibu kwamba anajisikia vizuri sana, asubiriwe.

Lakini kabla ya hapo, Jumatano ya tarehe 19 Februari 2014, wenzake walipokwisha ondoka, Bibi Tak alitoa kwenye mfuko wa koti lake karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani, akamwambia mama, "Mwalimu, nisikilize. Nikikosea unisahihishe." Akaweka kidole chini ya silabi ya kwanza. Alisoma mistari yote sita, polepole, alijikwaa mara moja kwenye neno Incheon, akalirudia mwenyewe, akalipata. Alipofika mwisho aliinua uso, akauliza, "Nimekosea wapi?"

Mama akamjibu, "Hujakosea popote, dada."

Bibi Tak aliikunja ile karatasi, akavaa viatu, akatoka. Mama alisema alibaki amekaa sakafuni pale ukumbini, anaona nje jinsi yule dada anavyopanda kilima bila kugeuka, na kwamba kama angemtukana au kumpiga ingekuwa afadhali.

Masomo kumi na tisa yalifuata bila Bibi Tak. Kila baada ya somo mama alipanda hadi mtaa wa juu, akabisha, akaomba radhi mbele ya mlango uliofungwa, na hakujibiwa, akaingiza karatasi ya somo la siku hiyo chini ya mlango, akateremka. Wenzake walidhani ni mgonjwa. Hakuna aliyeambiwa, kwa sababu mama aliona si haki yake kuisema siri ya mtu, na Bibi Tak naye hakuisema, ingawa kwa neno moja tu angeweza kulivunja darasa lile.

Jumatatu ya tarehe 7 Aprili alirudi, akakaa mahali pake, akampa mama bahasha. Ilikuwa barua ya kwanza aliyoiandika maishani mwake, mama aliihifadhi, na Bibi Tak ameniruhusu kuisoma kama ilivyo:

"Mwalimu Ma. Ulinidanganya. Miaka mingi niliweka bakuli la wali la mume wangu chini ya blanketi lisipoe. Yeye alikuwa anakula kwingine. Nilimkataa seremala. Alikuwa na mikono mizuri. Nilikaa ndani nikafikiri, kama ungenisomea kweli siku ile ningejitupa baharini na mtoto. Au nisingejitupa. Sijui. Wewe pia hukujua, ulinichagulia tu. Nina hasira. Karatasi zako nimezifanya zote. Ya kumi na mbili sikuielewa. Tak Bun-rye."

Mama alichukua karatasi ya kumi na mbili, akakaa karibu naye, wakaifanya pamoja. Sitawaambia kwamba mambo yalikwisha siku hiyo, maana hayakwisha. Kuna majuma ambayo Bibi Tak alikuja akaondoka bila kumsalimu mwalimu wake, na kuna mwaka ambao alikataa kula mezani pamoja naye kwenye sikukuu ya mavuno, na mama hakuwahi kumdai upole. Aliendelea kufundisha. Wakati wa ugonjwa ule uliofunga kumbi zote mwaka 2020, alimpigia simu kila mwanafunzi kwa saa yake, akawasomea imla kwa simu, sentensi kumi kila mmoja, na kesho yake alipita kwenye malango akikusanya madaftari na kuyarudisha yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na jina la kwanza kwenye orodha yake ya simu lilikuwa la Bibi Tak, kwa sababu alikaa peke yake.

Mwezi Machi 2024 mama alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukosa hamu ya chakula, tukadhani ni uchovu wa kupalilia, lakini vipimo alivyofanyiwa Gwangju tarehe 26 Machi vilionyesha uvimbe kwenye kongosho, ambao ulikuwa umekwisha kusambaa. Alipata matibabu ya dawa mara sita, akadhoofika, na Septemba akaomba mwenyewe yasitishwe, akalazwa kwenye wodi ya kupunguza maumivu. Bibi zetu walikuja kumwona wawili wawili kwa basi, saa mbili kuja na saa mbili kurudi, wakiwa na uji wa mbegu za misonobari kwenye chupa za moto, na kila mmoja alimletea daftari alisahihishe, naye alisahihisha mpaka mkono ulipokataa kushika kalamu.

Bibi Tak alikuja peke yake, Jumanne ya tarehe 5 Novemba. Mimi nilikuwepo. Alimpaka mama mafuta kwenye midomo iliyokauka, akamkalia karibu, na mama, kwa sauti ambayo haikuwa tena sauti ile ya dirishani, alimwomba msamaha, kama alivyomwomba mara nyingi mlangoni kwake. Bibi Tak alimjibu, "Nusu nimekusamehe zamani. Nusu nyingine ninayo bado. Pona, uje uichukue." Mama alitabasamu. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akitabasamu, na Bibi Tak alipotoka nilimfuata hadi kwenye lifti, nikamkuta ameegemea ukuta, amefunika uso kwa skafu yake, analia bila sauti.

Mama yetu alifariki Jumapili, tarehe 17 Novemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, mimi na Tae-gyun tumemshika mikono.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi wa zamu ya mchana ambaye alimwita mwalimu hadi dakika ya mwisho, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa posta, mchungaji na kanisa la Eunpo, majirani waliovuna vitunguu vyetu mwaka huu bila kuombwa, na mkuu wa kijiji, ambaye ameniomba niseme hadharani kwamba alikosea kuhusu karata.

Na nawashukuru ninyi, bibi zetu. Juzi alasiri nilikuwa nimekaa pale mlangoni penye daftari la wageni mlipofika, na mhudumu wa ukumbi huu, kwa kuona umri wenu, aliwaambia kwa adabu mmtajie majina awaandikie. Bibi Guk, mwenye miaka tisini na minne, alimtazama, akanyoosha mkono akachukua kalamu. Foleni ilifika hadi kwenye maegesho, iliwachukua karibu saa nzima, wageni wengine walisubiri nyuma yenu, na hakuna aliyenung'unika. Nimeyasoma majina yenu yote ishirini na matatu, makubwa, yamepita mistari ya daftari juu na chini, na kwenye ile nafasi ya pembeni, panapoulizwa mgeni alikuwa nani kwa marehemu, ambapo watu wengi hupaacha wazi, kila mmoja wenu ameandika, kwa mkono wake, mwanafunzi.

Mama, tumekusikia, tumekusoma. Pumzika sasa, na amani ikulaze.